Kuchagua mchovyo wa vifaa vya shawa kwa nyumba za pwani

Mng'aro unaouona dukani ni ngozi tu. Kwenye mikisa ya kawaida, yaani bomba linalochanganya maji ya moto na baridi, koti la kromu halifiki hata unene wa mikroni 1. Anayezuia kutu ni nikeli iliyo chini yake, na chini ya nikeli ndipo kilipo kifaa chenyewe: brasi (shaba ya njano), zinki au plastiki. Ni yaleyale ya mkufu wa kuchovya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi, uliza kimechovywa juu ya nini, na maji ya kwako yakoje.

Maji unayapima mwenyewe. Mwaga kijiko kimoja cha maji ya nyumbani juu ya kioo safi, uache yakauke juani. Alama nyeupe ikifutika kwa kitambaa kibichi, ni chumvi. Ikigoma, kisha ikatoa povu ukiikamulia ndimu, ni chokaa. Visima vya Mombasa na Unguja vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hutoa maji ya chokaa, na kadiri unavyosogelea bahari chumvi nayo huzidi, hivyo usishangae kukuta vyote viwili. Chokaa huchafua sura na kuziba matundu ya shawa. Chumvi ndiyo inayokula kifaa.

Dukani nenda na sumaku ndogo ya kupimia stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi. Sumaku haishiki brasi wala zinki, kwa hiyo hapo tumia mkono: mikisa ya brasi ni nzito kuliko ya zinki ya umbo lilelile. Kisha chungulia ndani ya nyuzi za skrubu za mahali mpira wa shawa unapofungwa, ambako mchovyo huwa hafifu. Ukiona unjano, ni brasi. Ukiona kijivu kilichofifia, ni zinki. Zinki ikae mbali na maji ya chumvi. Kila mchovyo una vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji ya chumvi yakipenya humo, zinki huliwa haraka kuliko nikeli iliyoifunika, unga mweupe hujaa chini ya koti, na koti huinuka kama malengelenge. Hapo hakuna dawa ila kununua kingine.

Kwa stenlesi, sumaku ikishika kwa nguvu, huenda ni daraja la 430 (namba hutaja aina ya stenlesi) au linalofanana nalo, irudishe rafuni. Isiposhika usishangilie bado, maana daraja la 201, lenye nikeli kidogo, nalo halishikwi sawasawa na sumaku, na hupata kutu mapema. Tafuta 304 iliyopigwa muhuri. Nyumba ikiwa inapigwa na upepo wa bahari, lipia 316: ina metali iitwayo molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimili chumvi.

Sasa rangi. Kromu inayong'aa juu ya brasi ndiyo chaguo la watu wengi, na kwa haki: vipuri vyake vinapatikana kila mahali na kromu ya kampuni moja haitofautiani sana na ya nyingine. Kasoro yake ni kuonyesha kila tone lililokauka. Umaliziaji uliosuguliwa kwa mistari laini, wa nikeli au stenlesi, huficha alama za vidole na chokaa nyepesi, nasi tungeuchagua kwa familia yenye watoto.

Nyeusi ndiyo inayowaumiza watu. Kwenye maji ya chokaa kila tone huacha doa jeupe, na mchana wa pili shawa inaonekana imenyunyiziwa unga. Tena kuna nyeusi mbili. Moja ni rangi ya unga iliyookwa, inayobanduka kwenye kingo mara spana inapogusa. Nyingine ni PVD, ambapo mvuke wa metali hugandishwa juu ya kifaa ndani ya tangi lisilo na hewa. Hii ni ngumu na haikwaruziki ovyo. Dhahabu nayo ni hivyohivyo: ya PVD hudumu, ya kupakwa vanishi hubabuka. Lakini PVD juu ya zinki bado ni zinki.

Brasi tupu, isiyo na koti, ina watu wake. Itageuka kahawia kama vichwa vya misumari ya milango ya Mji Mkongwe, na ukwaju au ndimu huirudisha. Ukiona kuisugua ni adhabu, usiinunue.

Nunua seti nzima kwa siku moja: mikisa, mkono unaobeba kichwa cha shawa, kichwa chenyewe, mpira wa mita 1.5, kishikio chake, vifuniko vya ukutani na wavu wa tundu la sakafuni, ambao husahauliwa mara nyingi. Dhahabu ya kampuni mbili hailingani, na nyeusi pia.

Usifunge chochote kabla marumaru hazijasafishwa. Asidi ya kuondolea saruji hutoa mvuke unaotia madoa kromu na stenlesi hata bila kuvigusa. Osha kwa maji mengi, pitisha hewa, ndipo fundi bomba aingie. Mwambie azungushie kitambaa kabla ya kukaza kwa spana yenye meno, na akaze kwa kiasi.

Usafi wa kila siku ni kupangusa kwa kitambaa kikavu. Chokaa kwenye kromu ipake siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subiri dakika 10, suuza. Nyeusi na dhahabu zioshwe kwa sabuni laini ya maji tu. Jiki na dawa ya choo yenye asidi zisiguse kifaa chochote kati ya hivi. Stilwaya nayo, mbali na kukwaruza, huacha chembe za chuma zinazopata kutu juu ya stenlesi, na mwenye nyumba akadhani ameuziwa feki.