Daftari la mkopo kabla ya msimu wa korosho
Wenye maduka ya vyakula Masasi, Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara: kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba, wateja wengi hukopa unga na mafuta. Na hela ya stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuweka korosho ghalani kwa risiti hadi ziuzwe mnadani, huingia baada ya mnada, si siku mtu anayopeleka mzigo. Basi usimwachie kijana wa dukani aamue mkopo peke yake, halafu deni likikwama umkate mshahara. Nimeona vijana waaminifu wakiondoka kwa sababu hiyo, na inauma. Kaeni pamoja mpange kiwango cha kila kaya. Deni liandikwe kwenye madaftari mawili, moja abaki nalo mteja. Bei ya mkopo iwe ileile ya taslimu. Wenye watoto wadogo wafikiriwe kwanza kwenye unga.