Kazi za Mwaka katika Mashamba ya Champagne: Kuanzia Mkasi hadi Kizibo

Anayetaka kujifunza kazi ya mvinyo wenye mapovu wa Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, aanze majira ya baridi, wala si wakati wa mavuno unaowavutia wapiga picha, kwa maana mkasi ndio unaoamua mzabibu utazaa kiasi gani. Majani yakishapukutika, kagua shina lote, chagua matawi machache yenye afya, hesabu machipukizi utakayoyaacha, kisha pogoa mengine. Usikate tawi kwa kuligusa shina, bali acha kisiki kifupi, kwa kuwa jeraha hukauka kuelekea ndani na kuziba njia za utomvu. Ukichelewa hadi mwisho wa Machi utaona matone yakidondoka kwenye ncha ulizokata. Wenyeji husema mzabibu unalia. Siku moja tu, tarehe 22 Januari, mikasi hupumzika kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Vincent, msimamizi wa wakulima hawa.

Kiangazi ni cha kufunga matawi kwenye nyaya na kupambana na magonjwa ya ukungu. Maua yakichanua, hesabu takriban siku 100, ndipo ujiandae kuvuna, tena kwa mikono, kwani mashine haziruhusiwi. Vichala vifike kwenye kinu vikiwa vizima: zabibu za aina ya Pinot Noir na Meunier zina maganda meusi, na zikipondeka njiani huitia juisi rangi. Kila kilo 4,000 hutoa lita 2,550 za juisi, wala si zaidi.

Divai ya kwanza ikishaiva, itie kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, uzibe, gesi ijifungie humo. Zilaze chupa katika mahandaki ya chaki, kama yale ya Reims yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015. Sheria inataka ipite miezi 15 kabla ya kuuza, au miaka 3 kwa divai ya mavuno ya mwaka mmoja.

Hatimaye zichomeke chupa kwenye mbao zenye matundu, shingo ikielekea chini. Kila siku zizungushe kidogo kwa mkupuo mfupi wa kiganja, ukifuata alama nyeupe iliyopakwa kitakoni, huku ukiziinamisha zaidi, mpaka mashapo yote yakusanyike shingoni. Mashine humaliza kazi hiyo kwa takriban wiki moja; mkono huhitaji wiki kadhaa. Gandisha shingo, fungua, kipande cha barafu kiruke na mashapo yake, jazia kilichopungua, kisha tia kizibo.