Somo: Mantoux husomwa kwa kidole

Mantoux ni kipimo cha TB kinachochomwa kwenye ngozi. Kuchoma wengi wetu tunajua. Kusoma ndiko kunakotushinda. Kipimo hiki hakitafuti vijidudu vya TB. Kinaziuliza seli T, askari wa kinga ya mwili, kama zimewahi kukutana navyo.

Hatua ya 1. Chagua upande wa ndani wa kigasha, pasipo kovu wala mshipa unaoonekana. Vuta ml 0.1 ya tuberkulini, yaani protini za vijidudu vya TB (uniti 2 za aina ya RT23 au 5 za aina ya PPD-S). Tundu la sindano litazame juu, iingie juujuu ndani ya ngozi. Papo hapo kiinuke kivimbe cheupe cha mm 6 hadi 10, chenye vishimo kama ganda la chungwa. Kisipoinuka umepitiliza chini ya ngozi: rudia, angalau sm 5 kutoka pale.

Hatua ya 2. Subiri saa 48 hadi 72. Asikune, asibandike plasta.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Wekundu hauhesabiwi, hata ukienea kama sahani. Papasa kwa ncha ya kidole mpaka uguse ukingo wa ugumu, tia alama ya kalamu kila upande, kisha pima kwa kukingama mkono, upande hadi upande, si kwa kufuata urefu wake. Andika milimita. Pakiwa laini, andika "mm 0". Neno "hasi" peke yake halimsaidii atakayesoma faili baadaye.

MASWALI

— Mwalimu, nina kovu la BCG, chanjo ya TB, na nimepata mm 12. Naumwa TB?
Kipimo hiki hakisemi kama unaumwa. BCG ya utotoni huweza kuchangia, ingawa nguvu yake hufifia kadiri miaka inavyopita. Ukiwa na kikohozi, peleka makohozi, upigwe na picha ya kifua.

— Mtu mwenye afya akipata 0, kinga yake imelala?
Si lazima, ndugu yangu. Huenda hajawahi kukutana na TB. Ndiyo maana wanaopima kinga ya seli huongeza kandida kwenye mkono wa pili, fangasi ambaye watu wazima wengi wameshaishi naye. Mikono yote miwili ikinyamaza, ndipo tuulize habari za VVU, dawa za steroidi, utapiamlo au surua ya karibuni.

— Nimechanjwa surua wiki jana, nije?
Subiri wiki 4 hadi 6. Ungekuja siku ileile ya chanjo, ningekuchoma.

— Niliyemchoma karudi siku ya tano, mkono laini kabisa.
Mchome upya, dada. Safari hii mpe na tarehe ya kurudi kwa maandishi.