Namna ninavyoipima habari ya gazeti au redio kabla sijaibeba: daftari moja, kalamu mbili

Mimi nipo Mtwara mjini, nimekaa redioni miaka kadhaa, kazi yangu kubwa ni kuandaa taarifa ya habari na asubuhi kusoma magazeti hewani. Hii njia naiandika hapa kwa sababu watu kwenye magrupu wananiuliza kila siku "hivi hii habari ni ya kweli?", na mi naona swali lenyewe halijakaa sawa. Habari nyingi zinazotupotosha ni za kweli kabisa, hakuna uongo hata mstari mmoja, ila zimekatwa upande. Kama nguo, kitambaa ni kilekile ila fundi kaamua mshono.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Msimu mmoja wa korosho nilisoma hewani kichwa cha habari kinachosema bei ya korosho yapaa mnadani, nikakisoma kwa mbwembwe na kamziki nikaweka. Haikupita dakika kumi simu ikaita, mzee wa Tandahimba, huko wilayani kwa wakulima wa korosho. Nikamsalimia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, afu akaniuliza taratibu kabisa: "Hiyo bei iliyopaa imekwenda wapi? Mbona huku kwetu haijatua?" Studio nzima ilicheka, mi sikucheka. Nilirudi kwenye ile habari nikaisoma yote mpaka chini, ndipo nikaona nilichokifanya. Hatua zinazofuata zimetokana na ile simu.

Hatua ya 1: chagua habari moja tu. Usijaribu kupima gazeti zima au "vyombo vya habari" kwa ujumla, hapo utaishia kulalamika. Chukua tukio moja, tafuta limeandikwaje sehemu tatu. Na hizo tatu zisiwe watoto wa mama mmoja. Habari Leo ni gazeti la serikali, Uhuru ni la CCM, Mwananchi na Nipashe ni ya kampuni binafsi, hiyo sio siri na wala sio kosa, ila ukisoma ujue unasoma nyumba ya nani. Ya tatu mi napenda iwe ya hapahapa, redio ya jamii au mtu aliyekuwepo eneo la tukio. Klipu ya grupu iliyosambazwa mara nyingi haihesabiki kama chanzo, maana hujui imeanzia wapi.

Hatua ya 2: funika kichwa cha habari. Yaani kihalisia, weka kiganja. Soma mwili wa habari kwanza, andika kichwa chako mwenyewe kwenye daftari, ndo ufunue uone cha kwao. Kichwa mara nyingi hakiandikwi na mwandishi aliyekwenda mnadani, kinaandikwa na edita aliyeko mezani Dar anayetaka gazeti liuzike. Kikitofautiana sana na chako, jiulize ni kitu gani edita kakiona kizito kuliko wewe.

Hatua ya 3: ishike namba uigeuze. Hapa ndo nilipoanguka mimi. Tuchukue mfano, namba nimetunga mwenyewe ili hesabu iwe rahisi. Mnada wa wiki iliyopita bei ya juu ilikuwa shilingi 3,400 kwa kilo, ya chini 3,300. Wiki hii bei ya juu 3,500, ya chini 3,150. Gazeti la kwanza: "Bei ya korosho yapaa". La pili: "Bei ya korosho yaporomoka". Nani muongo? Hakuna. Mmoja kashika bei ya juu mwingine kashika ya chini. Sasa uliza swali ambalo wote hawakuuliza, tani ngapi zimekwenda kwa kila bei? Tuseme tani 800 zimeuzwa kwa 3,500 na tani 6,000 kwa 3,150. Piga hesabu, wastani unakuja kama 3,191, yaani hata bei ya chini ya wiki iliyopita haujaifikia. Na hapo bado hujatoa makato ya chama cha msingi cha ushirika, ushuru na usafiri, ambayo mkulima anayajua kuliko sisi wasomaji wa magazeti. Kwa hiyo kila ukiona bei kwenye habari andika maswali manne pembeni: ya juu au ya chini, tani ngapi, ukilinganisha na lini, kabla ya makato au baada. Habari isiyojibu hata moja hiyo ni tangazo tu.

Hatua ya 4: kitenzi. Hii ndo hatua ninayoipenda na ndo ndefu, vumilia.

Chukua kalamu ya kwanza, tuseme nyekundu, zungushia kila neno linaloonesha mtu kasema kitu. Utashangaa. Mkuu wa wilaya *amebainisha*, *amefafanua*, *ameagiza*, *amesisitiza*. Mkulima *amedai*, *amelalamika*. Wote wawili wamefungua mdomo wakasema, lakini ukibainisha maana yake kilichobainishwa kipo kweli na wewe umekiweka wazi tu, ukidai maana yake bado tunasubiri ushahidi. Msomaji haambiwi amuamini nani, kitenzi kimeshamwambia kimyakimya. Jaribio langu ni kubadilishana: andika mkuu wa wilaya amedai kwamba malipo yatafika Ijumaa, mkulima amebainisha kwamba hajalipwa. Ukiona sentensi inakukera au inakufurahisha sana basi ujue kile kitenzi kilikuwa kinafanya kazi. Hewani mi sikuhizi natumia *amesema* kwa wote, inachosha masikio kidogo lakini ni haki.

Halafu kuna hii ya lugha yetu wenyewe, angalia mkia wa kitenzi. Vibanda vya sokoni *vimebomoka*. Vibanda *vimebomolewa*. Mgambo *wamebomoa* vibanda. Tukio ni moja, vibanda havipo. Kwenye ya kwanza vimejibomokea vyenyewe utadhani ni mvua, ya pili kuna mtu kafanya ila kajificha nyuma ya mlango, ya tatu mtu katoka nje anaonekana. Ndivyo ilivyo kwa umeme umekatika na umekatwa, fedha zimepotea na zimeibwa, raia wamepoteza maisha na wameuawa. Kwa hiyo kalamu nyekundu ipite pia kwenye kila mkia wa -k- au -ik- (bomoka, katika) na kila wa -w- (bomolewa, katwa) ambapo mtendaji hatajwi, pembeni andika: NANI? Kuna wakati mwandishi hajui kweli na kusema fedha zimeibwa wakati hujui ni kumchafua mtu, hapo *zimepotea* ni uungwana. Kasoro ni pale maiti za upande mmoja kila siku zinauawa na za upande mwingine kila siku zinapoteza maisha.

Na majina ya vitu. Waliokuwa hapa Mtwara 2012 na 2013 wakati wa suala la gesi wanajua ninachosema. Tarehe 27 Desemba 2012 watu waliandamana, hawataki bomba la kupeleka gesi ya Mnazi Bay Dar es Salaam kabla hawajaona faida yake hapa, na tarehe 22 Mei 2013 bajeti ya wizara ya nishati iliposomwa bungeni mji ukalipuka, watu wakafa na mali zikachomwa. Sasa yale yaliyotokea yaite *vurugu*, msomaji wa Mwanza atawaza polisi. Yaite *madai ya wananchi*, atawaza mkataba wa gesi. Serikali ikisema rasilimali ni ya Taifa zima na watu wa huku wakisema gesi haitoki, mwandishi akiandika "wanaopinga gesi kwenda Dar" kashachagua upande, maana wengine walikuwa hawapingi isipokuwa walikuwa wanauliza viwanda vyetu viko wapi. Hasira ya Mei ile ilifika mpaka nyumba ya mwandishi wa habari ikachomwa moto. Mi siungi mkono hata kidogo, mwenzetu yule alikuwa kazini, nataja tu ili uone watu wakiamini wamesemwa vibaya wanakoweza kufika.

Hatua ya 5: kalamu ya pili, hesabu waliosema. Kalamu ya bluu sasa. Pigia mstari kila mtu aliyenukuliwa, andika namba: nani wa kwanza, nani wa mwisho, kila mmoja mistari mingapi. Habari ya bei ya korosho yenye mwenyekiti wa ushirika mistari kumi na mbili, mnunuzi mistari sita na mkulima mistari miwili mwishoni kabisa, huyo mkulima ni pambo. Afu andika nani hayupo kabisa. Kwa korosho mi karibu kila mara nakuta mwanamke mbanguaji wa korosho hayupo, na yule anayeuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, hayupo, anatajwa kama mhalifu lakini haulizwi kwa nini aliuza kilo zake mapema kwa bei ya kutupa, pengine mtoto alikuwa anadaiwa sare.

Sababu za hii wala sio njama kila wakati. Kiongozi ana gari, anamwita mwandishi, anampakia, wanakwenda wote wanarudi wote. Mkulima yupo Newala ndanindani na nauli ya kumfuata mwandishi anajilipia. Na bahasha ya hela ipo, tusidanganyane, tunaiita nauli, na ukishaipokea mkono unaandika taratibu. Kuna na tangazo, anayelipa tangazo la robo ukurasa hawezi kuchunguzwa kwenye ukurasa unaofuata, au anaweza lakini ni mara chache.

Hatua ya 6: angalia kilichojaa wiki nzima. Hii haihitaji kalamu za rangi. Kwa siku saba andika habari ya kwanza ya kila taarifa ya saa mbili usiku. Maxwell McCombs na Donald Shaw walifanya kitu kama hiki Marekani, mji wa Chapel Hill, uchaguzi wa 1968, waliwahoji wapiga kura 100 ambao hawajaamua wakalinganisha na vyombo vya habari, wakakuta mambo ambayo watu wanayaona makubwa ni yaleyale ambayo vyombo viliyapa nafasi kubwa. Matokeo walichapisha 1972. Kumbe chombo kinaweza kisikubadilishe msimamo wako hata kidogo ila kikakuamulia leo utabishania nini kijiweni. Wiki nzima tukibishana Simba na Yanga, sulfuri ya kupulizia mikorosho iliyochelewa haina mtu wa kuibishania.

Mtu akikwambia athari ni ndogo mjibu kwa hesabu. Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan waliangalia miji ya Marekani ambayo televisheni ya Fox News iliingia kwenye kebo kati ya 1996 na 2000, wakakadiria, kwenye karatasi yao ya 2007, kwamba ilikiongezea chama cha Republican kati ya asilimia 0.4 na 0.7 ya kura. Kidogo eh? Mwaka huo huo wa 2000 George W. Bush alishinda jimbo la Florida kwa kura 537, na jimbo hilo ndo lililompa urais.

Hatua ya 7: sasa jipime wewe. Hii watu wanairuka. Mwaka 1985 watafiti Vallone, Ross na Lepper walitoa utafiti, waliwaonesha wanafunzi wa Stanford taarifa zilezile za televisheni kuhusu mauaji ya wakimbizi wa Kipalestina Beirut mwaka 1982. Waliokuwa upande wa Israeli wakasema taarifa zinawapendelea Waarabu, waliokuwa upande wa Waarabu wakasema zinaipendelea Israeli. Klipu ni moja! Kwa hiyo kabla hujaandika kwenye grupu kwamba gazeti fulani limenunuliwa, rudi kwenye daftari uulize: je habari hii ingekuwa ya chama changu au ya timu yangu ningezungushia vitenzi vingapi? Mi ni mtu wa kusini, habari ya gesi nikiisoma najua damu inapanda, kwa hiyo habari ya namna hiyo nampa mwenzangu wa Dodoma aipigie mistari, mi nampigia ya kwake.

Hatua ya 8: rudi baada ya miezi mitatu. Andika tarehe kwenye kona ya ukurasa. Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wanunuzi kutoa bei ya chini, na jeshi likaingia kusomba. Picha za malori ya jeshi kila mtu anazikumbuka. Waulize haohao uhakiki wa wakulima kabla ya kulipwa ulikwendaje na nani alisubiri hela mpaka mwaka uliofuata, wengi wa nje ya mikoa hii wanakuangalia tu, kwa sababu malori yana picha nzuri na kusubiri hakuna picha. Habari ya ahadi ina siku moja, ya utekelezaji inatakiwa uifuate mwenyewe.

Ukurasa wangu wa daftari unakaa hivi: juu jina la habari na tarehe, kushoto vichwa vitatu vya habari, katikati vitenzi, kulia waliosema na idadi ya mistari, chini kabisa maneno "nani hayupo". Habari moja inanichukua kama dakika ishirini na tano, mwanzo itakuchukua saa nzima, usijali. Ukifanya na wenzako kijiweni ni bora zaidi, mmoja anasoma kwa sauti wengine wananyoosha mkono wakisikia *amedai*. Pale Chikongola, hapahapa Mtwara mjini, tulifanya jioni moja na kahawa, muuza kahawa mwenyewe ndo aliyeshika vitenzi vingi kuliko mimi mtangazaji.

Na yule mzee wa Tandahimba bado anapiga simu. Wiki iliyopita kaniuliza mbona kwenye taarifa yetu tumesema pembejeo "zimechelewa", nani kazichelewesha. Nimeandika NANI? kwenye daftari, jibu bado natafuta.