Mlima Meru ukiwa umejifunika: kupiga picha Hifadhi ya Arusha wakati wa kipupwe

Mwezi wa sita ukiingia, wapiga picha wengi wa hapa Arusha wanafungia kamera kabatini wakisubiri anga lifunguke. Mimi huo ndio msimu wangu. Kazi yangu ni kuendesha wageni, na kati ya Juni na Agosti hakuna hifadhi ninayoifurahia kama Hifadhi ya Taifa Arusha, hii iliyo mlangoni kwetu. Ukungu wa kipupwe unafuta vurugu zote za msitu na kukuachia mti mmoja, tena mti ambao kiangazi ungeupita bila kuuona.

Nitaeleza kwa mtu anayetoka mjini na kurudi siku hiyohiyo. Shika barabara ya Moshi hadi Usa River, kata kushoto, nenda moja kwa moja hadi lango la Ngongongare. Malipo yaandae mapema kwa kadi au namba ya malipo, usitegemee noti. Julai jua linachomoza saa 12:30 na ushei, kwa hiyo lango likifunguliwa uwe tayari umepanga foleni. Vaa sweta na koti zito. Mkono unaotetemeka kwa baridi hautulizi kamera.

Kuanzia Usa River mimi huzima hita na kushusha vioo. Abiria wananung'unika, lakini kuna sababu: kamera na hewa ya nje vinatakiwa viwe na joto moja. Lenzi iliyopoa ukiiingiza ndani ya gari lenye joto na pumzi za watu, inapata umande papo hapo, na ukiufuta unarudi. Weka mfukoni kitambaa laini kama cha kufutia miwani, na kikae pakavu.

Ukishapita Serengeti Ndogo, ule uwanda wa nyati na pundamilia, njia inagawanyika. Kipupwe mimi naanza na Ngurdoto, asubuhi kukiwa bado kumefunga. Hii ni kasoko, yaani shimo la volkeno, ya upana wa kilomita 3 hivi na kina cha mita 400 hivi, na watu hawashuki ndani, wanatazama kutoka ukingoni. Wengi wanakimbilia vituo vya kutazamia, wanakuta weupe mtupu, wanageuza gari. Picha ziko njiani kabla ya kufika huko. Miti ya msitu ule imening'iniza ndevu za kijani, na ukungu ukipita katikati yake, mti wa mbele unabaki mweusi, wa nyuma yake kijivu, wa tatu karibu haupo. Hizo tabaka tatu ndizo unazotafuta. Usipige pale ukungu ulipo mzito kuliko pote, piga pembeni yake, unapoanza kuachia.

Ndani ya msitu mwanga ni mdogo mno, mara nyingi utajikuta kwenye kasi ya 1/15 ya sekunde au pungufu, na huruhusiwi kuteremka popote utakapo. Suluhisho langu ni mfuko wa kitambaa uliojaa mchele, kilo mbili zinatosha. Unaulaza kwenye ukingo wa dirisha la juu, unaikandamiza lenzi juu yake mpaka ikae kwenye shimo lake, halafu unazima injini. Injini inayonguruma inaharibu picha kuliko mkono. Waombe walio ndani ya gari wasijigeuze, subiri gari litulie kwenye springi zake, tumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Kwenye vituo unavyoruhusiwa kushuka, kama Leitong, hapo ndipo tumia stendi.

Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, itaufanya ukungu uwe kijivu kichafu, kwa sababu inadhani weupe wote ule ni mwanga uliozidi. Ongeza eksposha, yaani mwanga unaoingia kwenye picha, kwa theluthi mbili hadi hatua moja nzima (+0.7 hadi +1 kwenye kamera), kisha tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, isigonge ukuta wa kulia. Fokasi ya kujiendesha inahangaika kwenye ukungu. Ielekeze kwenye ukingo wa shina jeusi, ikishika ihamishie kwenye fokasi ya mkono ili isihame. Mwenye simu agonge kioo penye shina, akishikilie, kisha apandishe mwanga kidogo. Asivute kwa vidole, asogee gari likisogea.

Binti mmoja wa chuo aliyekuwa akijifunza kwangu aliniuliza pale Leitong, "Anko, si turudi tu? Mlima haupo leo." Nikamwambia, "Mlima upo, tuliza moyo, unywe chai." Wingu la kipupwe linatembea. Linafunga, linafumbua dakika mbili, linafunga tena, na wanaopata picha ni wale walioshaipanga kamera wakati kumefunga. Siku ile ukingo wa pili wa kasoko ulitokeza juu ya wingu, chini hakuonekani kitu. Aliipata.

Kukianza kuchangamka, teremka kwenye maziwa ya Momella. Hapa inafaa kuelewa jua la msimu huu. Juni na Julai linachomoza kaskazini mashariki, na mchana linapita upande wa kaskazini. Sisi wa mjini tunautazama Meru kutokea kusini, ndiyo maana miezi hii tunauona umefifia. Momella iko upande wa pili, na kasoko ya Meru imefunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo mwanga wa asubuhi unaingia hadi ndani, kwenye koni ya majivu, kile kilima cha majivu ya volkeno, na ule ukuta wa mwamba wa takribani mita 1,500. Wingu likipasuka, geuza kamera huko kwanza. Kilimanjaro wakati huo jua liko upande wake, utapata kivuli tu.

Jioni mambo yanageuka: jua linakwenda nyuma ya bega la kaskazini la Meru, na theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inapokea mwanga wa usoni. Tumia lenzi ndefu, milimita 200 au zaidi. Kwa lenzi pana, mlima wa mita 5,895 ulio mbali kilomita 50 hivi unageuka kichuguu.

Kati ya hapo, usidharau maziwa chini ya wingu zito. Maji ya Momella ni ya magadi, na kila ziwa lina mwani wake, ndiyo maana hili ni la kijani na lile la buluu. Jua kali linaficha rangi hizo kwa mng'ao. Kukiwa na wingu, filta ya polaraiza, kile kioo cha kukata mng'ao kinachofungwa mbele ya lenzi, ikizungushwa taratibu inaondoa mng'ao uliobaki, na unaona ziwa kwa rangi yake hasa.

Anza kurudi mapema, kutoka Momella hadi Ngongongare ni mwendo, na lango halimsubiri mpiga picha. Kamera ifungie kwenye begi kabla hujaingia nyumbani, ikae humo saa nzima ndipo uifungue. Ukikaa kusafisha picha, usiguse kile kitufe cha kuondoa ukungu. Koleza weusi wa mashina kidogo, baridi ya rangi iache ilivyo.