Jinsi ya Kupima Mchezaji wa Hoki ya Barafuni na Uamuzi wa Timu Yake

Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni yenye timu 32 za Marekani na Kanada, mchezaji hawezi kuitwa mzuri wala mbaya kabla haijajulikana analipwa kiasi gani. Tangu mwaka 2005, baada ya msimu mzima wa 2004-05 kufutwa kwa sababu ya mgogoro kati ya wamiliki na wachezaji, kila timu imewekewa kikomo cha mishahara, kwa hiyo fedha anayopewa mmoja ndiyo hiyo hiyo anayoikosa mwingine. Klabu tajiri ya soka ikikosea usajili inaweza kusajili tena; timu ya hoki ikikosea mkataba wa miaka minane, kwa kawaida kosa hilo hubaki katika hesabu zake miaka yote hiyo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mashabiki wanaosoma Kiswahili, wakiwemo Wakenya, ambao nchi yao ilipokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni mwaka 2024. Nia yangu ni kuonyesha namna ya kujenga maoni yanayoweza kutetewa mbele ya mtu anayeujua mchezo.

Bei isomwe kwa asilimia

Kulinganisha mikataba ya miaka tofauti kwa dola tupu ni kupotoka tangu mwanzo. Kikomo cha mishahara kilikuwa dola milioni 39 katika msimu wa 2005-06, kikafika milioni 81.5 katika msimu wa 2019-20, na katika msimu wa 2025-26 kimekuwa milioni 95.5. Njia sahihi ni kuchukua mshahara wa wastani wa mchezaji kwa mwaka na kuugawanya kwa kikomo cha msimu ambao mkataba wake unaanza. Connor McDavid wa Edmonton alianza kulipwa milioni 12.5 katika msimu wa 2018-19, kikomo kikiwa milioni 79.5, ambayo ni karibu asilimia 16 ya fedha yote ya timu. Mwenzake Leon Draisaitl ameanza kulipwa milioni 14 katika msimu wa 2025-26, ambayo haifiki asilimia 15. Mwenye dola nyingi zaidi ndiye aliyechukua fungu dogo zaidi, na shabiki asiyelijua hilo atamlaumu asiyestahili lawama.

Kwa kipimo hicho tunaweza kuizungumzia Toronto kwa haki. Maple Leafs, ambao hawajatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, tangu mwaka 1967, walimsajili John Tavares mwaka 2018 kwa milioni 11 kwa mwaka, na kabla ya msimu wa 2019-20 kuanza wakawapa mikataba mikubwa William Nylander, Auston Matthews na Mitch Marner. Washambuliaji wanne wakawa wanachukua karibu nusu ya kikomo. Lawama zilizotolewa ni nyingi, lakini chache zinakumbuka kwamba janga la korona lilikifanya kikomo kibaki milioni 81.5 kwa misimu mitatu mfululizo, jambo ambalo hakuna meneja aliyeweza kulitabiri mwaka 2018. Kwa maoni yangu, mikataba ile yenyewe ilikuwa inatetewa. Kosa la Toronto lilikuja baadaye, pale timu ilipotolewa mwaka baada ya mwaka katika mechi za mtoano bila wakuu wake kubadilisha mgawanyo huo wa fedha, hadi Marner akafikia mahali ambapo hangeweza kuhamishwa bila ridhaa yake mwenyewe.

Kodi nayo ni sehemu ya bei. Florida, Texas, Nevada na Tennessee hazitozi kodi ya mapato ya jimbo, na mchezaji anayekwenda huko anaweza kukubali dola chache huku akibaki na nyingi mfukoni. Hoja hii ni ya kweli, ila isitumiwe kueleza kila kitu: Florida Panthers walikuwa na faida hiyo hiyo kwa miaka yote kati ya 1996 na 2022, na katika kipindi hicho hawakushinda hata raundi moja ya mtoano.

Kutenga uwezo na bahati

Kisahani cheusi cha mpira mgumu, kinachopigwa kwa gongo juu ya barafu, huenda mbio sana na hugonga miguu, magongo na vyuma vya goli, kwa hiyo bahati ina nafasi kubwa katika mchezo huu kuliko mashabiki wengi wanavyopenda kukiri. Kati ya mashuti 100 yanayolenga goli katika NHL, takriban 9 au 10 huingia. Ukimwona mshambuliaji ambaye mashuti yake yanaingia mara mbili ya hapo, mpongeze, lakini usimpangie mshahara wa miaka minane kwa msimu huo mmoja.

Mfano bora ninaoujua ni William Karlsson. Vegas walimchukua kutoka Columbus mwaka 2017 walipokuwa wanaunda timu mpya, naye msimu uliotangulia alikuwa amefunga mabao 6 tu. Katika msimu wa 2017-18 alifunga 43, na mashuti yake yaliingia kwa zaidi ya asilimia 23. Mashabiki walitaka afungwe kwa mkataba mrefu mara moja. Timu ikampa mwaka mmoja wa dola milioni 5.25 na kusubiri. Msimu uliofuata alifunga 24, na hapo ndipo walipompa miaka minane kwa milioni 5.9 kwa mwaka. Walimlipa mchezaji aliye halisi, ambaye hukaba vizuri na kufunga kwa kiasi, na mwaka 2023 alikuwa nao walipotwaa kombe.

Angalia pia anacheza na nani. Zach Hyman hakuwahi kuvuka mabao 21 kwa msimu akiwa Toronto. Edmonton, karibu na McDavid, alifikisha 54 katika msimu wa 2023-24, kisha akarudi 27 msimu uliofuata. Wapo wanaosema yote ni kazi ya McDavid. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mabao mengi ya Hyman hupatikana mbele kabisa ya golikipa, mahali penye kusukumwa na kupigwa ambapo wachezaji wengi hawapendi kusimama. Hata hivyo, meneja wa timu nyingine angekosea kumnunua kwa bei ya mabao 54.

Kwa magolikipa, subira iwe ndefu zaidi. Sergei Bobrovsky alisaini na Panthers mwaka 2019 kwa miaka saba na dola milioni 70, na katika misimu ya mwanzo hakuonyesha kiwango kinacholingana na fedha hiyo. Mwaka 2023 alianza mtoano akiwa benchi. Kisha akawa golini timu ilipotwaa kombe mwaka 2024 na 2025. Yote mawili ni kweli: mkataba ulikuwa mzito, na timu ilimudu kuubeba kwa sababu ilikuwa na watu wa bei nafuu kama beki Gustav Forsling, waliyemchukua bure Januari 2021 baada ya Carolina kumweka katika orodha ya wasiohitajika. Anayetaja kombe tu, au mkataba tu, anaeleza nusu ya habari.

Tazama mchezaji asipokuwa na kisahani

Mechi inayoanza saa moja jioni Toronto humkuta shabiki wa Afrika Mashariki saa nane au saa tisa za usiku, kutegemea majira, na ndiyo maana wengi wetu huishia kutazama muhtasari wa dakika chache. Muhtasari huonyesha mabao. Hauonyeshi beki aliyefunga njia kabla shambulizi halijazaliwa, wala mshambuliaji aliyechelewa kurudi nyuma mara nne na kusalimika. Ukiweza, tafuta marudio ya mechi nzima, chagua mchezaji mmoja, na umfuate yeye peke yake kila anapoingia barafuni. Mchezaji hukaa uwanjani takriban sekunde 45 kabla ya kupumzishwa, kwa hiyo kazi hii haichoshi kama inavyodhaniwa.

Jiulize anaingiaje katika eneo la mpinzani: hukivusha kisahani akiwa nacho, au hukitupa mbele na kukikimbilia? Akikipoteza, huchukua hatua ngapi kabla ya kugeuka? Kocha humwamini dakika za mwisho, timu ikilinda bao moja? Swali hili la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa kuwa kocha anamwona mchezaji kila siku na hawezi kudanganywa na msimu mmoja wa bahati. Takwimu ya zamani inayohesabu mabao yaliyofungwa na kufungwa mchezaji akiwa barafuni itumie kwa tahadhari, maana humwadhibu mtu kwa udhaifu wa golikipa wake. Hesabu ya mashuti na ya ubora wa nafasi, kwa misimu miwili au mitatu, inasema zaidi.

Uamuzi upimwe kwa siku yake

Hapa ndipo maoni mengi huharibika, kwa kuwa matokeo hutumiwa kama ushahidi pekee. Chukua Julai 2022. Matthew Tkachuk aliwaambia Calgary kwamba hatasaini mkataba wa muda mrefu, na siku chache kabla Johnny Gaudreau alikuwa ameondoka kwenda Columbus bila timu kupata chochote. Calgary wakampeleka Tkachuk Florida na kupokea Jonathan Huberdeau, aliyetoka kupata pointi 115 (mabao na pasi za mabao kwa pamoja) katika msimu mmoja, pamoja na beki MacKenzie Weegar, chipukizi mmoja na haki ya kuchagua katika raundi ya kwanza ya drafti, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua chipukizi wapya. Siku hiyo watu wengi walisema Calgary wamefanya vizuri, na mimi bado nasema hivyo: timu iliyobanwa kona ilipata wachezaji wawili wakubwa.

Kosa lilifanyika wiki mbili baadaye. Huberdeau alikuwa bado na mwaka mmoja katika mkataba wake wa zamani, na hata hivyo Calgary walimpa nyongeza ya miaka minane kwa jumla ya dola milioni 84 kabla hajawachezea mechi moja. Alikuwa na umri wa miaka 29, na pointi 85 kati ya zile 115 zilikuwa pasi za mabao, yaani zilitegemea wenzake kumalizia katika timu iliyokuwa na mashambulizi makali. Msimu wa kwanza Calgary alipata pointi 55. Watu huuweka ubadilishanaji na mkataba katika kapu moja na kuuita msiba, ilhali ni maamuzi mawili: la kwanza lililazimishwa na lilifanywa kwa ustadi, la pili halikulazimishwa na mtu yeyote.

Kwa upande wa pili, Tampa Bay walishinda mechi 62 katika msimu wa 2018-19 na kutolewa na Columbus katika raundi ya kwanza bila kushinda hata mechi moja. Meneja mkuu Julien BriseBois alimbakiza kocha Jon Cooper na nyota wote, akaongeza wachezaji wa kazi ngumu, na Februari 2020 akatoa haki ya raundi ya kwanza ya drafti kwa kila mmoja wa washambuliaji Blake Coleman na Barclay Goodrow. Makombe ya 2020 na 2021 yalifuata. Uamuzi ule ulikuwa sahihi hata kabla ya makombe, kwa sababu mechi nne mbovu haziwezi kufuta ushahidi wa mechi 82.

Usimhukumu moyo wake

Timu za NHL huficha majeraha wakati wa mtoano na kutangaza tu kwamba mchezaji ameumia sehemu ya juu au ya chini ya mwili. Mwaka 2013 Patrice Bergeron wa Boston alicheza fainali akiwa na ubavu uliovunjika, na baada ya mechi ya mwisho ikajulikana kwamba pafu lake lilikuwa limetobolewa. Mwaka 2023 Tkachuk alicheza mechi ya fainali akiwa na mfupa wa kidari uliovunjika. Kabla ya kusema kwamba mtu hajitumi, subiri msimu uishe na taarifa za matibabu zitoke. Sema alikosea nini kwenye barafu. Familia yake, mwili wake na nia yake si mali ya shabiki.

Jaribu kwa Marner

Vipimo hivi vyote vinaweza kutumika kwa mkataba mmoja. Katikati ya mwaka 2025 Mitch Marner aliondoka Toronto kwenda Vegas kwa miaka minane na milioni 12 kwa mwaka, na Toronto wakapata Nicolas Roy. Kwa asilimia ya kikomo, fungu lake ni karibu sawa kabisa na la Huberdeau mkataba wake ulipoanza mwaka 2023: takriban 12.6. Wote ni washambuliaji wa pembeni wanaosifika kwa pasi. Kwa hiyo anayesema Vegas wamerudia kosa la Calgary ana hoja inayostahili kusikilizwa.

Mimi nasema hawakulirudia. Marner ameanza akiwa na miaka 28 na si 30. Amepata pointi 97, 99, 85 na 102 katika misimu minne mfululizo, si msimu mmoja unaong'aa kuliko mingine. Na hutumwa barafuni timu inapocheza pungufu kwa adhabu, kazi ambayo mtu hubaki nayo hata pasi zikikauka. Kikomo nacho kimetangazwa kupanda hadi milioni 104 katika msimu wa 2026-27, jambo litakaloshusha fungu lake chini ya asilimia 12. Hofu yangu ipo katika misimu miwili ya mwisho, atakapokuwa amevuka miaka 34. Andika hukumu yako leo, pamoja na tarehe, asilimia na sababu zako, kisha uifungue tena baada ya misimu mitatu, uangalie ni ipi kati ya sababu hizo iliyosimama.