Namna ya Kuandika Maisha ya Mtunzi wa Muziki: Mfano wa Justinian Tamusuza

Waandishi wengi wa maisha ya watunzi huanza kwa kukusanya majina ya vyuo na walimu, kisha hudhani kwamba wamekwisha kuueleza muziki. Nakushauri uanze kwa kusikiliza, kwa sababu mvuto usiosikika katika kazi za mtunzi haustahili kuandikwa kuwa ndio uliomlea.

Mchukue Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda aliyezaliwa Kibisi mwaka 1951 na ambaye amefundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kazi iliyomtangaza ughaibuni ni Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, aliyoitungia ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola na chelo. Sehemu yake ya kwanza imo katika albamu ya mwaka 1992, Pieces of Africa, ya Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapigaji wanne wa ala hizo. Isikilize mara kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Kisha ijifunze amadinda, marimba ya Buganda yenye mbao 12, na hapa usifanye haraka. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akipiga mfululizo wake kwa mwendo ulio sawa, na mapigo ya wa pili huangukia katikati kabisa ya mapigo ya wa kwanza. Wa tatu hutumia mbao mbili za juu, akirudia humo sauti mbili za chini kila zinapojitokeza. Mwendo ukishakuwa wa kasi, sikio huzikusanya sauti zinazokaribiana kwa kimo na kusikia nyimbo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga peke yake. Ukibahatika kumpata mzee anayeipiga, mwombe kwa adabu akupigie kila sehemu pekee, halafu zote pamoja. Somo hilo halipatikani kitabuni.

Sasa irudie rekodi ya Tamusuza, ukijiuliza ni wimbo upi unaochezwa na ala moja, na ni upi unaozaliwa ala mbili zinapopishana.

Hapo ndipo walimu waingie. Tamusuza alisoma Belfast, Ireland ya Kaskazini, kwa Kevin Volans, mtunzi mzaliwa wa Afrika Kusini aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mtunzi Mjerumani Stockhausen, kisha akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Taja mambo hayo kwa kiasi, wala usiandike kana kwamba Ulaya ilimfundisha mwana wa Buganda midundo ya kwao.

Usimsahau pia Joseph Kyagambiddwa, aliyetangulia kuuleta muziki wa Kiganda katika utunzi mkubwa wa kanisa kwa oratorio yake (utunzi mrefu wa kidini wa kuimbwa) ya Mashahidi wa Uganda ya mwaka 1964. Hata hivyo, kutangulia si kurithisha: ukitaka kudai kwamba mmoja alimwathiri mwingine, tafuta ushahidi katika nota au katika maneno ya mtunzi mwenyewe, na kando ya kila dai andika dakika ya rekodi ambapo msomaji wako ataweza kulisikia.